Jinsi ya kumtafuta bibi aliyekuwa mwalimu wa shule ya kijiji Uingereza enzi za Malkia Victoria, yeye na familia yake

Naandika hii kwa wenzangu mlioolewa au kuoa Uingereza, au mna watoto wenye damu ya huko, na kwenye ukoo kuna yule bibi anayetajwa kwa sentensi moja tu, "alikuwa mwalimu wa kijijini zamani", basi, maneno yameishia hapo na hakuna anayejua zaidi. Kwangu mimi ni wa upande wa mume, mama mkwe wangu ni kitukuu wake na mume wangu ni kilembwe, na siku wanangu walivyoambiwa shuleni wachore mti wa ukoo nikaona upande wangu wa Tanga naweza kuwapa majina mpaka vizazi sita kwa kichwa, upande wa baba yao tunakwama kwa huyu mama. Nikamtafuta karibu miaka miwili, usiku watoto wakishalala. Nimepotea sana humo njiani kwahiyo nawapa njia niliyoiona mwishoni, sio niliyoanza nayo.

Zamani ninazozisema ni 1837 mpaka 1901, miaka ya Victoria kwenye kiti.

Jambo kubwa kuliko yote: usimfuate kwa jina, mfuate kwa shule. Jina la mwanamke lilibadilika siku ya ndoa, na kina Mary na Elizabeth na Sarah na Ann walijaa kila kijiji kama kina Asha na Mwanaidi kwetu, unaweza ukakuta wawili kaunti moja, umri mmoja, jina la baba moja. Ila shule ilikuwa jengo la mawe au matofali pembeni ya kanisa, haikuhama, haikuolewa, na kila mwalimu mkuu aliyepita pale aliacha mwandiko wake. Ukishaipata shule umempata.

Kabla hujawasha laptopu, nenda kwa wazee. Mama mkwe, shangazi wa mume, yule mjomba asiyetembelewa. Usiulize "mnajua nini kuhusu bibi", watakwambia hawajui kitu, omba kuona vitu. Biblia ya familia yenye tarehe za kuzaliwa ukurasa wa mbele, kitabu cha sala chenye maandishi kwamba kimetolewa zawadi na kamati ya shule fulani, kitambaa kilichotariziwa alfabeti na jina la mtoto, picha ya watoto wamepangwa mistari mbele ya mlango na mwanamke amevaa gauni la kola ya juu amesimama pembeni. Geuza kila picha nyuma. Sisi tulipata kitabu cha sala kwenye kopo la biskuti, ndani kuna jina la kijiji na mwaka, na mama mkwe alikuwa nacho miaka hamsini hajawahi kufungua ule ukurasa. Piga picha kila kitu na simu siku hiyohiyo, wazee wanahama, vitu vinatupwa.

Sasa sensa. Uingereza walihesabu watu kila miaka kumi na za Victoria unazoweza kusoma majina ni 1841, 1851, 1861, 1871, 1881, 1891, na ile ya 1901 iliyofanyika miezi michache baada ya Malkia kufariki. Ya 1911 na 1921 nazo ziko wazi, utazihitaji kwa uzee wake. Ya 1881 unaisoma bure kwenye tovuti ya FamilySearch ukifungua akaunti, nyingine utazikuta Ancestry na Findmypast ambazo ni za kulipia ila maktaba nyingi za umma Uingereza zinakuruhusu utumie bure ukiwa umekaa palepale, usitoe pesa kabla hujauliza maktaba ya mtaani kwako.

Ya 1841 iangalie kwa tahadhari. Watu wazima zaidi ya miaka 15 umri wao uliteremshwa mpaka kwenye tano ya chini, yaani wa 29 anaandikwa 25, na haisemi nani ni nani wa nani ndani ya nyumba, wala mtu alizaliwa kijiji gani, inasema tu kama ni kaunti hiyohiyo au la. Kuanzia 1851 ndo mambo yananyooka: uhusiano na mkuu wa kaya, ameolewa au mjane au hajaolewa, umri, kazi, na parokia aliyozaliwa. Hiyo parokia ya kuzaliwa ni dhahabu, iandike kwenye kila sensa unayompata ulinganishe, maana umri watu walikuwa wanadanganya au hawajui lakini kijiji cha kuzaliwa wengi walikitaja vilevile.

Kwenye safu ya kazi utakuta maneno kama "Schoolmistress", "National School Mistress", "Teacher", au kifupi cha ajabu cha mwandishi mvivu. "Governess" ni mambo mengine, mara nyingi huyo alifundisha watoto wa tajiri nyumbani kwao, usimchanganye na mwalimu wa kijiji. Na safu ya kazi ikiwa tupu usiseme "kumbe hakuwa mwalimu". Hapo ndo wengi wanaanguka. Mwanamke aliyeolewa mara nyingi hakuandikiwa kazi hata kama alisimama darasani kila asubuhi, na mke wa mwalimu mkuu unamkuta ameandikwa mke tu wakati ndiye aliyefundisha watoto wadogo wote na ushonaji wa wasichana. Badala ya safu ya kazi angalia anwani. Ukiona "School House" umefika, ile ni nyumba iliyojengwa pamoja na shule kwa ajili ya mwalimu, na ukisogea mistari juu na chini utaona majirani, nyumba ya kasisi, mhunzi, wakulima, wale ndo wazazi wa wanafunzi wake.

Kosa langu nalisema wazi ili lisikupate. Nilipata mwanamke mwenye jina lake, mwalimu, kaunti ileile, nikafurahi nikamfuata miezi mitano, nikanunua vyeti viwili, nikajenga familia nzima na babu zake, halafu nikagundua yule alikuwa bado anafundisha mjini mwaka ambao bibi yetu tayari ana watoto wawili kijijini. Niliumia, kwa sababu yule mwanamke nilishampenda kama ndugu. Nilikuwa nafuata jina.

Vyeti vinafuata. Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo England na Wales tarehe 1 Julai 1837, kabla ya hapo unategemea vitabu vya kanisa. Kuanzia 1875 kulikuwa na adhabu kwa asiyesajili kizazi, kwahiyo miaka ya kabla usishangae mtoto mmoja kukosekana. Faharasa zipo bure kwenye tovuti ya FreeBMD, zimepangwa kwa robo ya mwaka, na zinakupa wilaya ya usajili, namba ya juzuu na ukurasa. Ila kwa vizazi na vifo fungua pia akaunti kwenye faharasa ya ofisi kuu ya usajili yenyewe, GRO, sababu wao wameweka jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa kwa watoto tangu 1837, na umri wa marehemu kwa kila kifo. FreeBMD jina la mama linaanza robo ya Septemba 1911 tu. Maana yake ukijua ukoo wa mume na ukoo wa mke unaweza kuvuta watoto wao wote, na wale waliokufa wachanga ambao hawakuwahi kufika kwenye sensa yoyote. Nilivyovuta wa bibi yetu nilikuta wanane. Familia ilikuwa inajua watano. Ndoa GRO hawajaziweka kwenye hiyo faharasa, rudi FreeBMD.

Cheti cha ndoa cha enzi hizo kina jina la baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi na kazi zao, mama hatajwi kabisa. Na ile sehemu ya kazi ya bibi harusi mara nyingi imepigwa mstari tu, hata kama ametoka kufundisha ijumaa akaolewa jumamosi. Kwahiyo cheti cha ndoa ni cha kumpatia baba yake, sio cha kuthibitisha kazi yake. Kazi ya baba itakusaidia sana kuelewa, wengi wa hawa walimu hawakutoka kwa matajiri wala kwa maskini kabisa, ni watoto wa mafundi, seremala, mshona viatu, muuza duka, mkulima mdogo, na wengine baba mwenyewe ni mwalimu.

Sasa tufike shuleni, na hapa nitakaa kidogo maana ndo utamu wote uko hapa.

Jua kwanza ilikuwa shule ya aina gani. Nyingi za vijijini zilikuwa "National School", zilizofungamana na kanisa la Anglikana kupitia National Society iliyoanzishwa 1811. Nyingine ni "British School" za British and Foreign School Society, hizo walizipenda zaidi Wakristo wasio Waanglikana, kwahiyo kama shule ni British tafuta ubatizo wa watoto kwenye vitabu vya Wamethodisti na wenzao, sio kanisa la parokia tu. Baada ya sheria ya elimu ya 1870 zikaja "Board School", zinaendeshwa na bodi iliyochaguliwa na walipa kodi wa eneo, pale ambapo shule zilikuwa hazitoshi. Na chini kabisa kulikuwa na mama wa kijiji anayekusanya watoto jikoni kwake kwa senti chache kwa wiki, hizo ziliitwa "dame school", hazikuwa na mkaguzi wala kumbukumbu, huyo utamkuta kwenye sensa tu.

Shule iliyopokea ruzuku ya serikali kuanzia miaka ya 1862 na 1863 ilitakiwa kuwa na kitabu cha matukio (log book), kama kile wanachokuwa nacho walimu wakuu kwetu mpaka leo, na aliyeandika ni mwalimu mkuu kwa mkono wake. Kwenye shule ndogo za vijijini mwalimu mkuu mara nyingi alikuwa ndiye mwanamke unayemtafuta, mwalimu peke yake pamoja na msichana mmoja wa kumsaidia. Yaani una kitabu kizima, miaka kumi, kumi na tano, kwa mwandiko wa bibi yako.

Vitabu hivi viko wapi? Vingi viko kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, mfano za Norfolk ziko Norwich, za Dorset ziko Dorchester, za Wiltshire ziko Chippenham. Vingine bado viko kabatini kwenye shule yenyewe kama ipo hai, andika barua pepe kwa heshima kwa ofisi ya shule ueleze wewe ni nani. Na Findmypast wana mkusanyo mkubwa wa rejesta za wanafunzi na vitabu vya matukio wa 1870 mpaka 1914. Vya karibu zaidi hufungwa mpaka ipite miaka 100 kulinda watu, wa Victoria hawana shida hiyo.

Ukikifungua anza na mstari wake wa kwanza. Karibu wote waliandika siku waliyopokea shule, na siku waliyoiacha, hiyo peke yake inakupa tarehe kamili ya kuja na kuondoka ambayo sensa haiwezi kukupa. Halafu soma polepole, usirukeruke. Sheria ilikataza kuandika maoni ya jumla mle, ni matukio tu, kwahiyo utaona sentensi kavu: mvua, watoto kumi na mbili tu wamefika. Mavuno, shule imefungwa. Wavulana wako shambani kuamia ndege. Wanaokota viazi. Surua. Kifaduro. Dondakoo, shule imefungwa kwa amri ya daktari, na wiki mbili baadaye jina la mtoto linafutwa kwenye rejesta kwa sababu amefariki. Kasisi amekuja kufundisha dini. Mke wa kasisi amekuja kuangalia ushonaji. Makaa ya mawe yameisha, wino umeganda kwa baridi.

Ila kavu hivyohivyo inaongea kama unajua pesa zilikuwa zinatoka wapi. Kuanzia 1862 ruzuku ilitegemea mtihani wa mkaguzi. Kwa mtoto wa zaidi ya miaka sita aliyehudhuria vya kutosha shule iliweza kupata shilingi 8 kwa mwaka, na akifeli kusoma zinakatwa shilingi 2 na peni 8, akifeli kuandika hivyohivyo, hesabu hivyohivyo, juu ya hapo kuna shilingi 4 kwa kila mtoto kufuatana na wastani wa mahudhurio. Enzi hizo shilingi moja ilikuwa peni 12, na paundi ilikuwa shilingi 20. Na mshahara wa mwalimu sehemu nyingi ulifungwa na hiyo ruzuku. Kwahiyo ukisoma "wavulana sita wako shambani" wiki moja kabla mkaguzi hajaja, ujue yule mama anaandika huku anaona chakula cha familia yake kinapungua, na yule mkulima anayewatumia wale wavulana huenda ndiye anayekaa kwenye kamati iliyomwajiri, hawezi kumgombeza. Mimi nilisoma kurasa hizo nikanyamaza kwa muda. Mfumo huo uliendelea kwa sura mbalimbali mpaka miaka ya 1890 ndo ukafutwa.

Mambo mengine ya kukusaidia kujua umri wa kumbukumbu unayosoma: kuhudhuria kulilazimishwa nchi nzima 1880, kwa watoto wa miaka 5 mpaka 10, na ada zikaondolewa shule nyingi sana 1891. Kabla ya hapo mzazi alileta peni zake kila wiki, kawaida jumatatu, na mwalimu ndiye aliyezidai, unaweza kuona ameandika nani amerudishwa nyumbani akazifuate.

Tafuta pia ripoti ya mkaguzi ya kila mwaka. Ilinakiliwa kwenye kitabu hichohicho, na mara nyingi chini yake kuna orodha ya walimu na vyeo vyao, hapo utajua kama alikuwa na cheti cha ualimu au la.

Na familia yake imo mle, ndo maana nasema anza na shule. Mwalimu hayupo siku tatu, amekwenda kumzika mama yake. Shule ameishika dada yake, na dada anatajwa jina. Mtoto wa mwalimu ana homa nyekundu, nyumba na shule ni paa moja, imefungwa. Kwetu fundo lilifunguka kwa mstari mmoja wa hivyo, dada alikuja kushika shule wiki ya kwanza ya Machi, jina lake la kwanza na la ukoo yameandikwa vizuri kabisa, na kumbe ukoo ule ndo ukoo wa bibi kabla ya kuolewa ambao tulikuwa hatuujui. Nikaenda sensa ya 1861, nikawakuta wote wawili watoto nyumbani kwa baba yao, mshona viatu, maili kama tisa kutoka pale.

Alifikaje kuwa mwalimu? Kuanzia 1846 kulikuwa na utaratibu wa mwalimu mwanafunzi. Msichana wa miaka 13 anayefanya vizuri anafungwa mkataba wa miaka mitano, mchana anafundisha wadogo, na mwalimu mkuu anamfundisha yeye saa moja na nusu kwa siku nje ya muda wa darasa. Malipo yalianza paundi 10 mwaka wa kwanza yakapanda mpaka paundi 20 mwaka wa tano. Akimaliza anafanya mtihani wa Queen's Scholarship, akishinda anakwenda chuo cha ualimu, kama Whitelands kule Chelsea au chuo cha Salisbury, vyote viwili vilianza 1841. Wengine hawakwenda chuo, walifundisha huku wanajisomea wakafanya mtihani wa cheti wenyewe, na wengine hawakupata cheti maisha yao yote. Kanuni za 1890 ziliruhusu hata mwanamke yeyote wa zaidi ya miaka 18 aliyechanjwa ndui na kukubaliwa na mkaguzi awe msaidizi, kwahiyo ukikuta msaidizi ambaye hana elimu inayoonekana popote, huenda aliingia kwa mlango huo.

Kwa utafiti hii inatumika hivi. Kama alizaliwa mathalani 1855, mwangalie kwenye sensa ya 1871 akiwa na miaka 16, ukiona "Pupil Teacher" nyumbani kwa wazazi umepata kiungo chenye nguvu sana kati ya familia ya kuzaliwa na mwalimu wa baadaye. Kama hayupo nyumbani na ana miaka 19 au 20 mwangalie chuoni, wanafunzi walihesabiwa pale walipolala usiku wa sensa. Vyuo vingine vina kumbukumbu mpaka leo, za Whitelands ulizia chuo kikuu cha Roehampton, kwa sababu Whitelands sasa ni sehemu yake. Na kama aliishi mpaka karne ya 20, jaribu rejesta za baraza la usajili wa walimu za 1914 mpaka 1948 zilizoko Findmypast, zina watu walioanza kufundisha tangu miaka ya 1870, na zinaorodhesha shule alizopitia.

Kuhusu ndoa. Wengi waliolewa na walimu, kamati za shule zilipenda kuajiri mke na mume kwa pamoja, wanakaa nyumba moja, mume anashika darasa la wakubwa na mke wadogo na sindano. Ukipata mume mwalimu angalia matangazo ya kazi kwenye magazeti, wanaomba "Master and Mistress". Watoto wao wa kike wakifika miaka 13 au 14 utawaona nao ni walimu wanafunzi palepale. Akifiwa na mume, tazama nani anaishi kwenye nyumba ya shule sensa inayofuata, sababu nyumba ilienda na kazi, mume akifa mjane alitakiwa kutoka, labda yeye mwenyewe apewe kazi. Ukikuta mjane na watoto wanne amehamia kijiji kingine kama mwalimu, ndo hilo. Na wasioolewa mara nyingi walikaa na mama yao mzee au mpwa, yule mpwa mfuatilie, vitu vya bibi mara nyingi vilibaki kwake.

Sensa ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wameishi kwenye ndoa miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi wapo, wangapi wamekufa. Karatasi ni ileile iliyojazwa nyumbani, kwahiyo mwandiko unaweza kuwa wake. Wajane hawakutakiwa kujibu ila baadhi walijibu na karani akakata kwa mstari, soma chini ya mstari, majibu yanaonekana. Wa kwetu aliandika wanane, watano, watatu, kisha karani akapitisha kalamu yake. Ndo nikajua ile hesabu yangu ya GRO ilikuwa sawa.

Wosia nao usiupuuze. Kuanzia 1858 wosia zote za England na Wales ziko kwenye kalenda moja ya taifa, yaani orodha ya mwaka kwa mwaka, unatafuta bure mtandaoni kwenye tovuti ya serikali. Kabla ya 1883 mali ya mke kwa sehemu kubwa ilikuwa mali ya mume, kwahiyo utawakuta zaidi wasioolewa na wajane, na mwalimu asiyeolewa aliyejiwekea akiba kidogo aligawa saa, vitabu, cherehani kwa majina, kila jina ni ndugu.

Saraka za Kelly's pitia haraka, chuo kikuu cha Leicester wameziweka bure. Chini ya kila kijiji kuna mstari wa shule, imejengwa mwaka gani kwa watoto wangapi, wastani wangapi wanahudhuria, na jina la mwalimu. Ukipanga miaka mfululizo unaona amekuja lini na ameondoka lini, ila ujue saraka zilichelewa kusahihishwa. Kule Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, National Archives, jalada za ED 7 zina taarifa za mwanzo za shule zilizoomba ruzuku. Za National Society ziko maktaba ya Lambeth Palace London.

Na kama mwalimu wako anapotea kabisa kwenye sensa, hajafa, hajaolewa, fikiria bahari. Wapo waliokuja kwetu. UMCA, misheni ya Kianglikana, ilileta walimu wanawake wa Kiingereza Zanzibar na bara, aliyejulikana sana ni Caroline Thackeray aliyefika Zanzibar 1877 akaongoza shule ya wasichana Mbweni, wengi wao watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na hakurudi kuishi kwao, alifia Zanzibar 1926. Kumbukumbu za UMCA ziko Oxford, maktaba ya Bodleian. Kwa sisi wasoma Kiswahili hapo tuna faida, maana majina ya vijiji na watu yaliyomo yanatukaa masikioni.

Siku ya kwenda ofisi ya kumbukumbu weka miadi mapema na utume namba za majalada kabla, nenda na penseli maana kalamu ya wino hairuhusiwi, chaji simu, uliza ada ya kupiga picha. Omba kitabu cha matukio kabla ya kitu kingine chochote. Na usiishie kwenye miaka yake tu, piga picha ukurasa wa mwisho alioandika yeye, halafu geuza upige na unaofuata, pale ambapo mwandiko unabadilika na mwalimu mpya anaandika kwamba leo ameipokea shule na ameikuta na watoto wangapi.